Radiohead na “Creep”: nini hasa kimeufanya wimbo wa 1992 usichuje mpaka leo?

#1 Mpiga Ridhimu

Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani moja kwa moja.

“Creep” wa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, ulitoka kwao tarehe 21 Septemba 1992, ukakwama nafasi ya 78 kwenye chati. Kwa kipimo cha siku zile, huo ni wimbo uliokufa. Leo umesikilizwa zaidi ya mara bilioni 1 Spotify, na hakuna mwanafunzi wa gita anayemaliza mwaka bila kuombwa aupige.

Mimi nasema siri iko kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya nne. Wimbo mzima ni kodi nne tu: G, B, C, C maina (Cm). Maina ni kodi yenye sauti ya huzuni; zile tatu ni meja, zenye sauti angavu. Kila kodi baa mbili (baa moja ni mapigo manne), zikiisha unarudi mwanzo. Haibadiliki kwenye ubeti, haibadiliki kwenye kiitikio, wala kwenye daraja (kipande cha kati kabla ya ubeti wa mwisho). Chukua gita ujaribu hivi. Kila namba ni freti (nafasi ya kubonyeza kwenye shingo ya gita), 0 ni uzi usiobonyezwa, x ni uzi usiopigwa, na zinakwenda kutoka uzi mnene kwenda mwembamba:

G: 3-2-0-0-3-3
B: x-2-4-4-4-2
C: x-3-5-5-5-3
Cm: x-3-5-5-4-3

Sasa angalia uzi wa pili peke yake, ule wa B. Unakwenda freti ya 3, ya 4, ya 5, inashuka ya 4, halafu ya 3 unapoanza upya. Ni sauti moja inayopanda ngazi mbili na kushuka ngazi mbili, ndani ya kodi zote. Kodi ya nne ndipo inapoanza kushuka, na hapo ndipo msikilizaji anaposhikwa, hata kama hajui C maina ni kitu gani. Redio, matangazo na mengine yote yalikuja baadaye.

Karibuni.

#2 Kinanda Kikuu

Mada nzuri. Nakubali hesabu yako, sikubali kodi uliyoichagua.

Kinachoshtua ni kodi ya pili. Ukiwa kwenye ufunguo wa G (yaani wimbo umejengwa juu ya noti za G), sikio linategemea B maina, kwa sababu D ni mojawapo ya noti za ufunguo huo. Hawa wameweka B meja, yaani D# (D iliyopandishwa freti moja) imeingia isikohusika. Kwenye kinanda unaiona kwa macho. Weka mkono wa kulia hivi:

G: D-G-B
B: D#-F#-B
C: E-G-C
Cm: Eb-G-C

Kidole cha chini kinatembea D, D#, E, Eb, kisha D. Na D# ya kodi ya pili ndiyo Eb ya kodi ya nne. Ni kitufe kilekile cheusi. Mara ya kwanza kinavuta kwenda juu, mara ya pili kinavuta kwenda chini. Kodi yako ya nne, Mpiga Ridhimu, ina nguvu kwa sababu sikio limeshakutana na sauti ile sekunde kumi nyuma, ikiwa na tumaini. Ondoa B meja, weka B maina, upige mzunguko mzima: C maina bado ni nzuri, lakini haichomi.

#3 Fundi wa Ampi

Mmeanza na nadharia, sawa. Lakini muulize mtu yeyote asiyejua muziki akuigizie “Creep” kwa mdomo. Hatakuimbia uzi wa pili. Atakufanyia ile “KRA-KRAK!” ya Jonny Greenwood, mpiga gita wa Radiohead, kabla ya kiitikio.

Maelezo ya Greenwood mwenyewe na ya Ed O’Brien, mpiga gita mwenzake, yanafanana: Jonny hakuupenda ukimya wa ubeti, akalipiga gita kwa nguvu. Nyuzi zimezimwa, hakuna noti, ni kelele tupu yenye mdundo. Ile kelele inakuja juu ya C maina, mahali pa huzuni kuliko pote. Wimbo ungekuwa balada ya kawaida bila yeye.

#4 Mzee wa Santuri

Habari zenu. Kwanza tusahihishe historia kidogo, maana uzi kama huu watu watausoma miaka.

“Creep” inaitwa singo (wimbo unaotolewa peke yake) ya kwanza ya Radiohead, na ni sawa, lakini haikuwa toleo lao la kwanza. Mei 1992 lebo yao, Parlophone, ilitoa “Drill”, sahani yenye nyimbo nne: “Prove Yourself”, “Stupid Car”, “You” na “Thinking About You”. Haikugusa hata 100 bora. Kwa hiyo “Creep” ilipotoka, bendi tayari ilikuwa imeshajaribu mara moja ikashindwa. Nyuma ya singo yenyewe kulikuwa na “Lurgee”, “Inside My Head” na “Million Dollar Question”.

Pili, kurekodiwa kwake hakukupangwa. Watayarishaji Sean Slade na Paul Kolderie, Wamarekani wa Boston, walikuwa studio ya Chipping Norton, Oxfordshire, kurekodi “Inside My Head” na “Lurgee”. Kazi haikuwa inakwenda. Kwenye mazoezi bendi ilikuwa imepiga “Creep”, na mwimbaji wao Thom Yorke akautaja kama wimbo wao wa Scott Walker, yule mwimbaji wa zamani. Wale wawili wakadhani ni wimbo wa mtu mwingine. Siku mambo yalipokuwa mazito, Kolderie akawaambia waupige huo kupunguza presha. Wakaupiga mara moja, watu studio wakapiga makofi. Kolderie akampigia simu Keith Wozencroft wa kampuni ya rekodi ya EMI kumwambia kwamba singo ndiyo hii.

Fundi, hapo ndipo ninapoona siri: kile mnachosikia ni bendi isiyojua kwamba inarekodi kitu cha maana. Kuna vitu vichache viliongezwa baadaye, lakini mwili wa wimbo ni mpigo mmoja.

#5 Nyuzi Sita

Mzee asante kwa madini. Fundi, ile “krak” inapatikanaje? Watu wengi wakiipiga inatoka kama mtu anakuna ukuta.

#6 Fundi wa Ampi

@Nyuzi Sita, makosa ni manne na yote yanarekebishika.

Kosa la kwanza, watu wanaacha distoshoni (sauti ya kukwaruza) ikiwa imewashwa tangu ubeti unaanza, wakipunguza sauti tu. Ampi (kikuza sauti cha gita) inapaswa kuwa safi, na distoshoni itoke kwenye pedali inayokanyagwa wakati ule ule. Jonny enzi zile alijulikana kwa gita la Telecaster Plus na pedali ya Marshall ShredMaster. Huna haja ya vifaa vile vile. Pedali yoyote yenye geini ya kutosha inafanya kazi. Tumia pikapu (kinasa sauti ya nyuzi) ya nyuma, ile iliyo karibu na daraja la nyuzi, sauti iwe kali.

La pili ni mkono wa kushoto. Usibonyeze wala usinyanyue. Laza vidole visivyopungua vitatu juu ya nyuzi zote sita, viguse tu. Ukitumia kidole kimoja, na hasa kikiwa juu ya freti ya 5, ya 7 au ya 12, nyuzi zitatoa sauti ya kengele badala ya kelele. Hiyo ndiyo sababu ya wengi kusikika kama wanakuna ukuta wenye filimbi ndani. Kaa freti ya 3 au ya 4, weka vidole vingi, umemaliza.

La tatu ni mkono wa kulia. Piga kutoka kwenye kiwiko, si kwenye kifundo. Pigo ni la nyuzi zote sita na ni fupi. Watu wanaogopa kukata nyuzi, wanapapasa. Weka nyuzi za .010 au .011 (unene kwa inchi); za .009 zinapoteza ufunguo ukizipiga hivyo mara tatu nne, na kiitikio kinachofuata kinatoka kimepinda.

La nne liko kwa fundi mitambo. Akiwa ameweka kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa) kali kwenye mstari wa gita, pigo linabanwa na linatoka na ukubwa ule ule wa ubeti. Mwambie mapema kwamba gita litaruka ghafla kabla ya kiitikio na asilishushe. Nusu ya matamasha ambako “Creep” unasikika baridi, gita limepigwa vizuri, ila fader (kitelezi cha sauti) imevutwa chini na mtu aliyeshtuka.

Na ukikanyaga pedali ukasikia mvumo kabla ya pigo, maana yake volyumu ya gita iko wazi na mikono haijagusa nyuzi. Laza mkono wa kushoto kwanza, mguu ufuate.

#7 Besi Mbele

Wapiga magita mmejitengea uzi mzima, kama kawaida yenu.

Sikilizeni besi ya Colin Greenwood. G, B, C, halafu C tena. Kodi inapogeuka kutoka C meja kwenda C maina, besi haiondoki. Sakafu imebaki pale pale, kilichobadilika ni mwanga wa chumba. Wanabesi wanaotaka kuonesha ufundi hapo wanaweka noti za kupita kwenda Eb, na wanaua kila kitu Kinanda Kikuu alichoeleza.

Kuhusu mwendo: ni kama mapigo 92 kwa dakika. Baa mbili ni mapigo 8, mzunguko mmoja ni mapigo 32, takriban sekunde 21. Wimbo una dakika 3 na sekunde 56, kwa hiyo mnazunguka mara kumi na moja na kidogo. Hesabu: utangulizi 1, ubeti 2, kiitikio 1, ubeti 2, kiitikio 1, daraja 2, ubeti wa mwisho 1, kiitikio 1, na mkia. Kinachoharibika ni pale kiitikio kinapoingia: mpiga drams anasisimka, mwendo unapanda mpaka 98 au 100, na ubeti wa pili ukirudi hauna uzito. Phil Selway, mpiga drams wa Radiohead, hakimbii. Anaongeza nguvu tu, mwendo anauacha.

#8 Dada Alto

Salaam wote. Nimesoma yote na hakuna aliyetaja sauti ya mtu, wakati huu ni wimbo unaoimbwa!

Nafasi kati ya ubeti na daraja ndiyo inayowashinda waimbaji. Ubeti uko chini, karibu na kuongea. Daraja linapaa na kukaa huko juu kwa noti ndefu. Anayechagua ufunguo kwa kusikiliza ubeti anaona mambo ni rahisi, halafu anapasuka kwenye dakika ya pili na nusu. Chagua ufunguo kwa kuimba daraja kwanza.

Mwanamume mwenye sauti nzito ashushe mpaka E: kodi zinakuwa E, G#, A, Am. Akiona bado juu, aende D: D, F#, G, Gm. Kwa sauti ya kike ya alto, C inakaa vizuri: C, E, F, Fm, ila ubeti usiuanze kwa nguvu. Na daraja msiliimbe kwa kooni. Yorke analifungua mdomo wazi, pumzi inatoka tumboni, na vokali inanyooka. Ukibana koo noti ya tatu haifiki.

Kwangu mimi watu wanarudi kwenye wimbo huu kwa sababu ya daraja lile. Mtu aliyekuwa ananong’ona anapiga kelele kwa sauti yake yote, halafu anarudi kunong’ona ubeti wa mwisho kama hakuna kilichotokea. Hiyo njia haina kodi.

#9 Mpiga Ridhimu

@Dada Alto, kodi ipo. Daraja linapigwa juu ya G, B, C, Cm zile zile. Angepaa juu ya kodi nyingine ungesikia ushindi. Anapaa juu ya mduara uleule, ndiyo maana unasikia mtu aliyenaswa.

@Besi Mbele, la besi kubaki C nimelichukua. Linaipa nguvu hoja yangu.

#10 Besi Mbele

Kila kitu kinaipa nguvu hoja yako, mkuu 😄

#11 Mzee wa Santuri

Naomba turudi duniani kidogo. Kodi zilikuwa zile zile Septemba 1992, “krak” ilikuwa ile ile, na daraja lile lile. Mbona nakala zilizouzwa zilikuwa 6,000 hivi? BBC Radio 1 waliuona unahuzunisha mno, wakaacha kuupiga. Kama muziki peke yake ungetosha, ungetosha wakati ule.

Kilichofuata ni hiki. Israel, mtangazaji Yoav Kutner wa redio ya jeshi aliupiga mara kwa mara mpaka ukavuma nchi nzima, na Machi 1993 bendi ikaenda Tel Aviv. Ukashika pia Hispania, New Zealand na nchi za Skandinavia. Marekani, kituo cha KITS cha San Francisco kikauingiza kwenye orodha yake, vituo vingine vya roki mbadala vikafuata, MTV ikauzungusha. Ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard ya Modern Rock na 34 kwenye Hot 100. Ndipo Uingereza wakautoa tena Septemba 1993, bendi yenyewe ikiwa haitaki, ukapanda hadi 7.

Kwa hiyo ni wimbo uliokataliwa nyumbani ukarudi ukiwa na cheti cha nje. Na ulikuta mlango wazi: bendi ya Marekani ya Nirvana ilikuwa imevuma 1991, redio za Marekani zilikuwa zinatafuta gita linalonong’ona kisha linalipuka. Mwaka 1989 wimbo huu ungekosa pa kukaa.

#12 Santuri Mpya

Mzee nyongeza ndogo: redio za Marekani zilipata toleo tofauti. Kulikuwa na tusi moja kwenye ubeti na Yorke akaliimba upya kwa neno safi. Wengi waliokua na redio wanajua lile safi tu, na wakisikia la albamu wanadhani mtu ameharibu. Anayeandaa wimbo kwa ajili ya hadhara yenye watoto achukue maneno ya toleo la redio, yapo rasmi, hana haja ya kubuni.

#13 Mwanasheria wa Muziki

Nimechelewa. Kuna jambo hamjaligusa na linamhusu moja kwa moja mleta uzi.

Mzunguko wa G, B, C, Cm haukuanza na Radiohead. “The Air That I Breathe” wa Albert Hammond na Mike Hazlewood ulitoka 1972, bendi ya Uingereza The Hollies wakaurekodi na kuufikisha nafasi ya 2 Uingereza na 6 Marekani mwaka 1974. Una mpangilio ule ule wa kodi na kipande cha melodi kinachofanana. Wachapishaji wa wimbo ule walichukua hatua, na Hammond na Hazlewood wakaongezwa kama watunzi wenza wa “Creep”, wakawa wanapata mgao. Hammond ameeleza kwamba kwa kuwa Radiohead walikiri bila kubisha, wao waliridhika na sehemu ndogo.

Wadau waelewe mpaka uko wapi. Mfuatano wa kodi peke yake kwa kawaida haumilikiwi na mtu. Ungemilikiwa, hakuna ambaye angetunga tena. Melodi ndiyo inayokupeleka kwa wakili. Ukitumia kodi hizi nne kwenye wimbo wako, hakikisha mstari wa kuimba unaanza kwenye noti nyingine na unaangukia pigo lingine. Usitegemee kubadilisha ufunguo au mwendo. Hivyo havikusaidii kitu.

#14 Nyuzi Sita

Sasa hapo hoja ya kodi imeyumba. Kama siri ni kodi, basi The Hollies nao wangekuwa wanapigwa na kila mwanafunzi wa gita leo.

#15 Kinanda Kikuu

Haijayumba. Imethibitishwa mara mbili! Nyimbo mbili, miaka ishirini katikati, kodi zile zile, zote zimevuma sana. “The Air That I Breathe” bado unapigwa redioni mpaka leo.

Tofauti ni kwamba The Hollies wanazitumia kodi hizi kwenye ubeti, halafu kiitikio kinatoka nje na kupumua. “Creep” hautoki. Masikio yanasubiri mlango dakika nne nzima.

#16 Mwanasheria wa Muziki

Sikatai. Ila kumbuka mwaka 2018 mwimbaji Lana Del Rey alisema upande wa Radiohead unadai haki za wimbo wake “Get Free” kwa sababu ya kufanana na “Creep”. Alisema wanataka asilimia 100. Wachapishaji, Warner/Chappell, wakajibu kwamba hakuna kesi iliyofunguliwa, hawakudai asilimia 100, na wanachotaka ni watunzi wa “Creep” watambuliwe. Watunzi hao ni pamoja na Hammond na Hazlewood. Mnyororo umefika vizazi vitatu.

#17 Fundi wa Ampi

Na kati ya hizo tatu, ni moja tu ina “krak”.

#18 Mwalimu wa Gita

Nawasalimu. Naona mnatafuta siri mbali. Wimbo unaishi kwa sababu unafundishika.

Kodi nne, mpangilio usiobadilika, mwendo wa polepole, na kila kodi ina muda wa sekunde tano kabla ya inayofuata. Mwanafunzi ana muda wa kuhamisha vidole, jambo ambalo nyimbo nyingi za roki hazimpi. Akishapata mzunguko mmoja amepata wimbo mzima. Kikwazo ni kimoja: B na C za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja. Wengi wanaachia hapo.

Dawa zipo mbili. Weka kapo (kibanio kinachofunga nyuzi zote shingoni) freti ya 7 upige C, E, F, Fm. Sauti inatoka G ile ile. F inaweza kupigwa kwa nyuzi nne tu (x-x-3-2-1-1) na Fm vivyo hivyo (x-x-3-1-1-1). Au kapo freti ya 3 upige E, G#, A, Am. Hapa G# bado inataka kubana, ila E, A na Am ni za wazi na mkono unapumzika robo tatu ya wimbo. Kwa gita kavu mimi napendelea ya kwanza, ingawa kapo ikiwa freti ya 7 gita linakuwa jembamba la sauti. Angalia pia kapo isivute nyuzi: ifunge karibu kabisa na freti, kisha tuni upya. Kapo iliyokaa katikati ya freti mbili inapandisha nyuzi kidogo, na C maina inasikika kama kosa.

Kwa kudonoa nyuzi moja moja kama gita la ubeti, anza na uzi wa besi wa kodi, panda mpaka uzi mwembamba, shuka. Ukipiga bila kapo, kwa kodi za mleta uzi, usiuruke uzi wa pili. Ndio uliobeba ngazi aliyoieleza mleta uzi, na wanafunzi wengi wanauruka kwa sababu kidole kidogo kimelala juu yake.

#19 Dada Alto

Mwalimu, kwa hoja hiyo kila wimbo rahisi ungekuwa haufi. Nyimbo za kodi tatu zimejaa tele na hazikumbukwi.

#20 Mwalimu wa Gita

Urahisi hautoshi, nakubali. Lakini nyimbo ngumu zinasikilizwa, hizi zinapigwa. Kinachopigwa na vijana kila mwaka hakihitaji redio.

#21 Msomaji Kimya

Niongeze la maneno. Msimulizi hatajwi jina, anayependwa hatajwi jina, hakuna mji, hakuna mwaka, hakuna nguo wala gari. Ni mtu anayejiona hastahili kuwa mahali alipo, basi. Yorke aliuandika akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Exeter mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini hakuna hata mstari mmoja unaokuambia Exeter. Ndiyo maana kwaya ya wasichana wa Ubelgiji, Scala & Kolacny Brothers, iliweza kuuimba kwa kinanda tu, na toleo lao likatumika kwenye trela ya filamu ya “The Social Network” mwaka 2010. Prince akaupiga kwenye tamasha la Coachella 2008 akageuza maneno amwambie msikilizaji, na haukuvunjika. Postmodern Jukebox na Haley Reinhart wakaufanya wa kijazi.

Fundi, kwenye toleo la kwaya hakuna “krak”. Watu walilia vile vile.

#22 Fundi wa Ampi

Walilia kwa sababu vichwani mwao “krak” ilikuwa inalia. Toleo la kwaya linamtegemea msikilizaji anayejua toleo la bendi.

#23 Santuri Mpya

Kuhusu Prince, upande wake uliziondoa video za onyesho lile YouTube. Yorke alipoulizwa akataka zirudishwe, kwa kuwa wimbo ni wao. Tulizipata tena baadaye.

#24 Mzee wa Santuri

Na kuna sababu ambayo bendi yenyewe iliitengeneza bila kukusudia: waliukimbia. Watu walikuwa wanakuja kwenye matamasha ya 1993 kusikia wimbo mmoja na kuondoka. “My Iron Lung” wa 1994 umeandikwa juu ya mzigo huo, mashine inayokupa uhai na kukufunga kitandani. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wakauacha. Julai 2001 wakaurudisha kwenye bustani ya South Park, nyumbani Oxford. Tamasha la Reading 2009 wakafungua nao onyesho. Kisha kimya mpaka 2016, na kwenye tamasha la Glastonbury 2017 wakaupiga. Mwaka 2021 Yorke akatoa toleo lililovutwa taratibu, zaidi ya dakika tisa.

Kitu kisichopatikana kila siku kinatafutwa. Bendi ambazo hupiga wimbo wao mkubwa kila usiku zinauchosha. Huu haukuchoshwa.

#25 Mpiga Ridhimu

Mzee, kutopigwa na bendi kunaeleza wenye tiketi za matamasha. Hakumwelezi mtu wa miaka 17 ambaye hajui kama bendi ina albamu nyingine.

#26 Kinanda Kikuu

Kabla hatujalala, piano. Matoleo mengi ya bendi za hotelini yanaiweka piano tangu utangulizi. Kwenye rekodi haisikiki mpaka mwishoni, baada ya daraja. Ni Jonny ndiye anayeipiga. Ilipaswa kuingia mapema, Kolderie wakati wa kuchanganya sauti hakuiingiza mpaka mwisho, bendi ikasikia ikasema ibaki. Kwa hiyo mpiga kinanda, kaa mikono mapajani mizunguko tisa. Ubeti wa mwisho ndipo uingie, noti za juu, nyepesi, bila pedali ya kuvuta sauti kupita mabadiliko ya kodi. Ukishikilia pedali kutoka C hadi Cm, E na Eb zinagongana na inasikika umekosea.

#27 Nyuzi Sita

Na bila drams wala pedali, gita kavu moja na mwimbaji, ile “krak” tunaifanyaje?

#28 Fundi wa Ampi

Laza mkono wa kushoto vile vile, freti ya 3. Piga nyuzi zote kuelekea chini kwa upande wa kucha, si nyama, na kiganja kiishie kwenye mbao ya gita, chini ya tundu. Unapata nyuzi na ngoma kwa pamoja. Ubeti uuchukue chini kabisa, karibu usisikike, la sivyo hakuna pa kupandia. Kipaza sauti cha gita kiwe umbali wa sentimita 20 hivi kutoka freti ya 12. Kikiwa mbele ya tundu, pigo litavuma na spika zitapiga kelele.

#29 Besi Mbele

Na mwendo 92, tafadhali.

#30 Dada Alto

Na ufunguo muuchague kwa daraja. Kesho naleta uzi wa “The Air That I Breathe”, tuuchambue sambamba na huu. Mwanasheria, uwepo.